Kipimo cha damu kabla ya vidonge vya kemo: ulizeni kinatafuta nini

Mamangu ana miaka 67, mzaliwa wa Mombasa, naishi naye hapa Leicester, Uingereza. Mwaka 2022, baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, aliandikiwa vidonge vya kapesitabini, dawa ya kemo, yaani ya kuua seli za saratani. Kabla hajameza hata kimoja alitolewa damu, kichupa kimoja cha kifuniko cha zambarau, ikapimwe jeni iitwayo DPYD. Hatukulipa chochote, na jibu lilirudi siku ya 6. Kwa hilo nawasifu wauguzi na maabara kwa moyo wote.

Maana dawa hii mwilini hugeuka fluorourasili, ile inayopiga saratani yenyewe, na kimeng'enya cha DPD, kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo, ndicho huvunja zaidi ya asilimia 80 yake. Mwenye jeni yenye kasoro huivunja polepole, inamrundikia, na dozi ya kawaida inakuwa sumu. Wako waliokufa kwa dozi za mwanzo tu. Ndiyo sababu Uingereza ilianza kuwapima wagonjwa wa dawa hizi mwaka 2020.

Jibu la mama: kawaida. Akaanza dozi kamili, asubuhi vidonge vinne vya miligramu 500 na kimoja cha 150, usiku vivyo hivyo. Siku ya 5 alisukuma kikombe cha chai, hata maji yanamchoma. Siku ya 8 alikuwa ameharisha mara tisa tangu alfajiri, viganja vyekundu, vimevimba. Nilimshika mkono nimwinue, akalia: "Niachilie mwanangu, nawaka moto." Nikapiga nambari ya simu ya hospitali ya saa 24. Muuguzi akasema vidonge viachwe papo hapo, tumlete. Alilazwa siku 11, chembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya.

Wodini ndipo nilipoelezwa. Kipimo kile kilitazama kasoro nne tu, zile zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuna nyingine, c.557A>G, iliyomo kwa baadhi yetu wenye asili ya Afrika na kwa Wazungu ni kama haipo. Haikutafutwa. Kijitabu tulichopewa mwanzo hakikuwa na hata mstari mmoja juu yake. Hili bado linaniuma: mama aliingia pale na uso wake na jina lake, kila mtu aliona ametoka wapi.

Daktari wa wodi, Mungu ambariki, alipeleka damu tena. Kasoro ile ikaonekana, nakala moja kati ya mbili za jeni hiyo. Dozi ikashushwa hadi vidonge viwili vya 500 asubuhi na viwili usiku, na mizunguko yote ya dawa iliyobaki mama aliimalizia nyumbani. Viganja vilichubuka kidogo, tukawa tunampaka krimu ya yurea kila akitoka kuoga.

Mnaowapeleka wazazi wenu, mwulizeni daktari waziwazi: je, na 557 mnaitafuta? Likija jibu la kawaida msilale, kwani wengi wanaodhurika sana hawana hata moja ya kasoro hizo. Vidonda vya mdomo au kuharisha kukizidi, pigeni simu siku hiyo hiyo. Ipo dawa ya kuokoa, uridini triasetati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini hutolewa ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho.

Wauguzi na maabara nawapa nyota 5. Kijitabu nakipa 1.