Mafunzo ya kibofu ya wiki 6: yanamfaa nani, na yanakwama wapi

Programu za kufundisha kibofu, yaani kukizoesha kushika mkojo kwa muda mrefu zaidi, hufanana sana. Kinachozitofautisha ni shajara ya siku 3 za mwanzo, unamoandika kila unapokojoa. Iliyo nzuri haiishii kwenye saa uliyokojoa na mililita ulizotoa; ina safu ya kuandika ulikuwa katika hali gani ulipobanwa. Safu hiyo ndiyo inayolipa. Anayekojoa mililita 100 kila dakika 40 akiwa kazini, kisha alfajiri akatoa 400 kwa mkupuo, kibofu chake kina nafasi ya kutosha. Hapo wasiwasi lazima uchunguzwe.

Mwenye wasiwasi husikia kila dalili ya kibofu kwa ukali zaidi. Huanza kwenda chooni kwa tahadhari kabla hajabanwa, kibofu kinazoea kumwagwa kikiwa na kidogo, na hofu ya kujilowesha mbele za watu inazidi. Baada ya muda hata kuchomeka ufunguo mlangoni au kusikia bomba likimwaga maji kunatosha kumbana. Na tatizo lenyewe huweza kuleta sonona, kwa hiyo kutibu upande mmoja tu hakutoshi.

Zoezi kuu tunalipatia alama za juu. Ukibanwa, usikimbie: papara huongeza haraka ya kukojoa na tumbo hukandamiza kibofu. Simama au keti, bana misuli ya sakafu ya nyonga haraka haraka mara 5 au 6 kama unayezuia ushuzi, pumua taratibu, hesabu kutoka 100 ukitoa 7 kila mara. Haraka ikitulia, nenda kwa mwendo wa kawaida. Kila wiki ongeza dakika 15 kati ya safari za chooni, hadi zipishane kwa saa 3 au 4, hata kama itachukua zaidi ya wiki 6.

Wengi hukwama kwa kuruka dakika 15 hadi 60 kwa siku moja, wakavuja, wakakata tamaa. Wengine hupunguza maji mno, mkojo ukawa mzito na kukiudhi kibofu, huku kahawa ikibaki palepale.

Udhaifu mkubwa: programu nyingi humwambia mtu "tulia" bila kumfundisha namna ya kukabili mawazo ya hofu. Tafuta yenye vikao vya tiba ya mazungumzo.

Nyingine hazidai kipimo cha mkojo kwanza, na hilo halikubaliki, maana maambukizi na kisukari huleta dalili zilezile. Mwenye damu kwenye mkojo, maumivu, au mkojo usiotoka wote aanze kwa daktari.