Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu: Inamfaa Mfiwa?

Uzuri wa 1199, simu ya ushauri nasaha ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ni kwamba kupiga ni bure. Asiye na nauli ya kwenda mjini kumwona mshauri hakosi wa kumsikiliza. Mfiwa apige akiwa mahali patulivu, si ndani ya matatu, na aanze na mazito: amefiwa na nani, tangu lini hapati usingizi, kama anawaza kujidhuru.

Upungufu ni wa simu yoyote: haipiki ugali. Matanga yakishaanuliwa, hema likarudishwa na kundi la WhatsApp la mchango likanyamaza, ndipo nyumba hulemea. "Jikaze" haisaidii, marehemu atajwe kwa jina, na majirani wapange zamu za kumtembelea mfiwa, hasa jioni.