Kostiki soda ya kutengenezea sabuni: ukiwa Dodoma, nunua ipi?

Dodoma na Singida mafuta ya alizeti hayatafutwi mbali, ndiyo maana wengi wanaoanza sabuni ya mche huku huanzia hapo. Kinachowaangusha ni kostiki. Dawa hii, sodiamu haidroksaidi kwa jina la kikemia, hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, ikageuka polepole kuwa sodiamu kaboneti, yaani magadi. Ikishachoka hivyo mafuta hayaishi kugeuka sabuni, na mche unabaki unateleza mkononi. Kwa hiyo mimi naangalia kwanza ilivyofungwa, umbo baadaye.

Namba moja ni vipande bapa kwenye mfuko wa kilo 25 ambao haujafunguliwa, lebo ikionyesha usafi wa asilimia 98 au zaidi. Ni mwingi kwa mtu mmoja. Changieni kikundi, mgawane siku hiyohiyo kwenye madumu makavu ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza.

Ya pili, punje ndogo za duara kwenye kopo lililozibwa. Zinapimika vizuri, ila ukinunua kidogo kidogo bei ya kilo hupanda. Anayejaribu tu, zinamtosha.

Ya tatu ni ya kupimiwa. Tikisa mfuko: vipande viteleze. Vikiwa vimeshikana madonge au vimetoa jasho, mwachie mwenye duka, hasa Desemba hadi Aprili mvua zinaponyesha.

Ya mwisho kabisa, iliyokwishayeyushwa na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Hujui nguvu yake, wakati hesabu yote ya sabuni iko hapo: kilo moja ya mafuta ya alizeti hutaka gramu 135 hivi za kostiki safi, ya nazi 183, na kwa usalama wengi hupunguza asilimia 5. Halafu chupa ya maji, kwenye nyumba yenye watoto! Tone la hii huunguza koo. Dawa ya kuzibulia sinki pia usiihesabu. Nyingine zina vipande vya alumini.

Bakiza hela ya mizani ya gramu, glavu, miwani na ndoo ngumu ya plastiki. Sufuria ya alumini italiwa, itoe haidrojeni, gesi inayolipuka. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukigeuza, yatachemka na kukurukia. Na kwa kuwa alizeti tupu hutoa mche laini, nunua na mawese au nazi ya kuchanganyia.