Vifaa vya mvuvi wa mshipi: kipi cha kumzawadia, kipi cha kukiacha dukani

Idi ikikaribia, au watu wakijiandaa kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na kwao, maduka ya vifaa vya uvuvi mjini Unguja na yale ya Wete, Chake na Mkoani huingia wateja ambao hawajawahi kutia chambo kwenye ndoana: mke, binti, shemeji aliyeko Muscat. Wengi hutoka na kitu kinachong'aa, na mvuvi hukipokea kwa adabu kisha akakitundika ukutani. Rai yetu ni kwamba mvuvi wa mshipi apewe kile kinachomwishia, au kile kitakachomrejesha pwani salama. Kwa kipimo hicho tumevitazama vinavyouzwa.

Kabla ya kuingia dukani jua mambo mawili: anavua samaki gani, na katika maji ya pima ngapi. Anayetafuta changu mwambani si sawa na anayerambaza, yaani anayeburura chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, akitafuta nguru na jodari katika Mkondo wa Pemba. Ikiwa kuuliza kutaharibu siri, chukua kipande cha mshipi wake wa zamani na ndoana moja kuukuu, vifunge kwenye karatasi, umwekee muuzaji mezani.

Zawadi bora kuliko zote ni mshipi wenyewe, nayo ndiyo inayokosewa zaidi. Kwa mkono inafaa nailoni ya uzi mmoja. Kwa changu wa mwambani inatosha milimita 0.6 au 0.7, chewa na kolekole wanataka 0.9 hadi 1.2, na mtu wa kurambaza nguru usimpelekee chini ya milimita 1. Unene huo si kwa ajili ya nguvu peke yake. Samaki akikimbia, mshipi mwembamba hukata vidole, ndiyo maana anayevua kwa mkono hutumia mnene kuliko mwenye fimbo, hata kama samaki ni yule yule. Kwa hiyo ule mshipi wa kusuka, wa rangi rangi, ambao muuzaji atakusifia kwamba haukatiki, uache. Kweli haukatiki kirahisi, lakini ni mwembamba na hauvutiki, na samaki wa kilo kumi ataupitisha kwenye kiganja kama wembe.

Urefu nao una hesabu yake. Roli ya mita 100 ni kama pima 55. Mtu anayeshusha chubwi (uzito wa kuzamishia mshipi) katika pima 40, mkondo ukauvuta mshipi ukalala, amebakiwa na kidogo sana mkononi, na kolekole mmoja mkubwa ataumaliza. Usimnunulie roli mbili ukadhani umempa mita 200. Zikiungwa, pale penye fundo ndipo patakapokatikia, tena fundo hilo litamkwaruza kila mara anapopandisha. Tafuta roli moja isiyokatwa ya mita 300, au umwambie muuzaji akupimie kutoka kwenye roli kubwa.

Kisha angalia uzima wake. Jua huila nailoni, kwa hiyo usikubali roli iliyoning'inizwa mlangoni; omba ya ndani ya boksi. Vuta kipande, kipitishe kati ya kucha na kidole gumba. Kikikwaruza, au kikiacha unga mweupe, hiyo imeshachoka. Funga fundo, lilowanishe kwa mate, kaza, uvute kwa mikono miwili: nzima huvutika kwanza ndipo ikatike, iliyochoka hukatika ghafla. Muuzaji anayekataa kukupa kipande cha kujaribia si wa kununua kwake.

Ndoana huja baada ya mshipi, na namba zake zinawapoteza watu. Kuanzia namba 1 kwenda juu, namba ikipanda ndoana inapungua. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Lakini zikiandikwa kwa sifuri, 1/0, 2/0, mpaka 8/0 na kuendelea, mambo yanageuka: namba ikipanda ndoana inakua. Anayesahau ile sifuri hutumwa 8/0 ya chewa akarudi na namba 8 ya visamaki vya mwambani.

Zile za rangi ya kahawia zinazometa zinafaa zaidi kwenye mito na maziwa, baharini hushika kutu upesi. Chukua zilizopakwa bati. Mustad ya Norway imetengeneza ndoana tangu 1877 na jina lake wavuvi wanalijua, lakini usitosheke na jina lililoandikwa kwenye boksi. Toa ndoana tatu uzikague. Burura ncha juu ya ukucha bila kukandamiza: ikishika ni kali, ikiteleza ni butu. Tazama jicho lake. Likiwa na mwanya mahali waya ulipokutana, mshipi utaingia humo na kuliwa kidogo kidogo mpaka ukatike, na mvuvi ataulaumu mshipi. Mwisho ibane kwa koleo uivute: nzuri hukaza, mbaya hufunguka ikabaki wazi, au huvunjika. Boksi la 100 la saizi moja aliyoizoea lina faida kuliko pakiti ya saizi kumi tofauti, kwa kuwa tisa kati ya hizo hatozigusa. Kwa mtu wa kurambaza ongeza mita chache za waya wa chuma cha pua; meno ya nguru hayashindwi na nailoni ya unene wowote tulioutaja.

Taa ya kichwani tunaipenda sana, hasa kwa anayetoka usiku au anayelala dago kisiwani pasipo umeme. Soma maandishi ya kinga ya maji. IPX4 ni kwa matone na rasharasha tu. Baharini taka IPX7, yaani inahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Kifungue kifuniko cha betri: pasipokuwa na mpira wa kuzuia maji, au ukiwa umekaa upande, maandishi hayo hayana maana. Iwe na mwanga mwekundu pia. Mweupe humwacha mtu haoni nje ya chombo kwa dakika nyingi, na mwekundu unatosha kufungia ndoana. Kuhusu betri, ukiona ile ya kuchaji ya aina ya 18650 imeandikwa uwezo wa mAh 9900 ujue ni uongo. Ya kawaida iliyo nzuri huishia karibu na 3500, na uzito wake ni gramu 45 hivi, kwa hiyo iliyo nyepesi mno mkononi imejazwa kisichokuwa betri. Kwa mtu wa dago tungechagua taa ya betri za AA zinazopatikana duka lolote la kijijini, pamoja na pakiti mbili za akiba.

Jaketi la kujiokolea ndilo tunalotaka kila familia ilifikirie, ingawa wavuvi hulikataa. Wana sababu: lina joto na linabana mikono wakati wa kuvuta mshipi. Basi tafuta la fomu (sponji inayoelea) lenye matundu mapana ya mikono, na avute mikono yote miwili mbele ya macho yako kabla hujalipa. Ndani pameandikwa nguvu ya kuelea kwa nyutoni (N). 50 ni msaada kwa anayejua kuogelea akiwa karibu na watu. Kwa mvuvi anza na 100, na kwa anayevuka mkondo 150 ni bora. Yale ya kujaza hewa kwa mtungi wa gesi ni mepesi, lakini yanayojifungua yenyewe yanaweza kujaa hewa ghafla kwa mawimbi yanayorushia maji chomboni, na mtungi ukishatumika lazima upatikane mwengine. Kwa hapa kwetu la fomu lina uhakika zaidi. Yapo mengi ya mitumba: kwaruza kitambaa kwa ukucha, kikichanika jua limeshakila, kamua fomu, ikitoa maji liache. Hakikisha lina filimbi, na rangi iwe ya chungwa.

Kisu ni rahisi kuchagua. Bapa la chuma cha pua, lipite mpaka mwisho wa mpini, na mpini uwe wa plastiki ngumu, kwani wa mbao hulegea kwa maji ya chumvi. Kiwe na ala.

Nyavu usinunue bila yeye kuwepo, kwa sababu ukubwa wa macho una kanuni zake. Bunduki ya kupigia samaki isiingie kabisa kwenye orodha. Imepigwa marufuku Zanzibar, na atakayekamatwa nayo si wewe uliyeinunua.

Ukibakiwa na fedha ndogo, mnunulie mfuko wa simu usiopitisha maji, maana simu ndiyo dira na ndiyo ya kuitia msaada. Usimkabidhi kabla ya kuujaribu: tia karatasi ya tishu ndani, funga, uzamishe kwenye ndoo kwa jiwe nusu saa. Tishu ikitoka na doa la maji hata dogo, urudishe dukani siku hiyo hiyo.