Rangi ya kutafutia uvujaji wa oili: uzoefu wangu na Corolla 110

Mwaka jana gari langu, Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE na gia za mkono, lilianza kuacha doa la oili kila nilipoliegesha, na kila baada ya wiki tatu hivi nililazimika kuongeza karibu nusu lita ili kiwango kirudi kwenye alama ya juu ya kijiti. Matone yalidondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi wa kwanza alichungulia chini, akapapasa kwa kidole, akaniambia kuwa sili ya nyuma ya kranki, yaani pete ya mpira inayozuia oili mahali shafti kuu ya injini inapotokea kuelekea giaboksi, imekwisha, kwa hiyo giaboksi lishushwe, na kwa kuwa klachi itakuwa imefikiwa, nayo ibadilishwe hapo hapo.

Maelezo yake yalikuwa na msingi, kwa sababu sili hiyo ikivuja oili hutokeza sehemu hiyo hiyo, na ikilowesha sahani ya klachi, klachi huanza kuteleza. Kilichonifanya nisite ni kwamba oili huteremka na upepo wa mwendo huisambaza kuelekea nyuma, hivyo mahali inapodondokea huwa mbali na mahali inapotoka. Klachi yangu, tena, haikuwa imeteleza hata siku moja. Kabla ya kulipia kazi ya kushusha giaboksi, nilinunua chupa ya mililita 30 ya rangi inayochanganywa na oili na kung'aa njano ikimulikwa, pamoja na tochi ya miale ya urujuanimno (UV) na miwani yake ya njano.

Kazi kubwa iko kwenye usafi, na maelekezo ya chupa yanaupitia haraka mno. Injini ikiwa imepoa, nilifunika oltaneta na distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) kwa mifuko ya plastiki, nikapaka sabuni ya kuondolea grisi, nikasugua kwa brashi na kusuuza kwa maji yasiyo na nguvu. Nilibadilisha oili pia, kwa kuwa oili iliyokwisha kuwa nyeusi hufifisha mng'ao wa rangi. Ndipo nikamimina rangi, nikaendesha kutoka Kimara hadi Kibaha na kurudi, na giza lilipoingia nikafungua boneti.

Kitu cha kwanza kung'aa kilikuwa bako la kijani chini ya rejeta, nikaingiwa na wasiwasi kabla ya kutambua kuwa ni alama ya maji ya kupozea injini, ambayo aina nyingi hung'aa zenyewe bila kutiwa chochote. Atakayetumia rangi hii alijue hilo mapema. Gasketi ya kava la tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini, ambayo mimi mwenyewe niliishuku, ilikuwa kavu pande zote. Nilipomulika mshono wa injini na giaboksi niliona njano nyingi, na kwa kioo kidogo cha mkono nikaifuata kwenda juu, hatua kwa hatua, mpaka ikawa mstari mwembamba unaoanzia kwenye kitako cha distributa. Juu ya hapo hapakuwa na kitu.

Kwenye injini hii distributa imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa giaboksi, na huzuiwa kuvuja na oringi moja, yaani pete ya mpira. Niliweka alama ya mkao wake kwa rangi nyeupe, fundi wa pili akafungua boliti mbili na kuichomoa, tukakuta oringi imekuwa ngumu kama plastiki na imelala bapa. Ndani ya kifuniko palikuwa pakavu, ishara kwamba sili ya shafti ya distributa bado ni nzima. Pangekuwa na oili, oringi peke yake isingetosha. Tuliipaka oringi mpya oili, tukairudisha distributa kwenye alama, kisha tukaunganisha TE1 na E1, ambavyo ni vituo viwili vya soketi ya uchunguzi ya gari, na kuhakikisha kwa taa ya taimingi kwamba cheche inawaka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Oringi niliyoinunua Kariakoo ilikuwa na bei ndogo kuliko lita moja ya petroli.

Bidhaa ina kasoro. Mwanga wa tochi haufai kitu mchana, na rangi hung'ang'ania nguo. Mabaki yake kwenye injini pia huendelea kung'aa baada ya matengenezo, kwa hiyo nililazimika kuosha injini mara ya pili ndipo niweze kuamini nilichokiona. Hata hivyo ningeinunua tena bila kusita, kwa sababu bila hiyo ningelipia kazi ya giaboksi na doa lingebaki palepale.

Baada ya kilomita 600 nilimulika tena: distributa ni kavu, na kiwango cha oili kwenye kijiti hakijashuka. Tochi ilionyesha unyevu mwembamba kwenye mshono wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), ambao haujafikia kudondoka, nami nimepanga kuutazama tena nitakapobadilisha oili.