Kuzunguka Ngazija kwa siku moja: nyota nne, na mwambieni dereva aanzie kusini

Ziara ya kuzunguka kisiwa cha Ngazija, huko Komoro, kwa gari, kutoka Moroni asubuhi na kurudi Moroni jioni, naipa nyota nne. Ya tano wamejinyima wenyewe kwa namna walivyoipanga njia. Tulipelekwa kaskazini kwanza, fukwe juu ya fukwe, halafu Singani, kijiji cha kusini ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye kisa chenyewe cha kisiwa, tukafika jua likikaribia kuzama.

Kwanza tuelewane kuhusu tangazo lao la "ziara ya volkano". Karthala, mlima wa volkano wenye mita 2,361, hutaupanda siku hiyo. Kwenda kwenye kasoko, yaani shimo la volkano, ni safari nyingine, ya miguu, na wengi hulala mlimani. Ziara hii inauzunguka tu, na kilele kwa muda mrefu kilikuwa kimejifunika mawingu. Mimi sikulalamika, maana kazi ya mlima unaiona barabarani: mara shamba la migomba, mara ghafla uwanja mzima wa mawe meusi ulioteremka hadi baharini.

Itsandra tulipita upesi. Mchanga mweupe, ngalawa, picha, twende. Mitsamiouli tulikaa zaidi. Karibu na hapo, Galawa, ndipo ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoangukia baharini tarehe 23 Novemba 1996 baada ya kuishiwa mafuta. Watu 125 kati ya 175 walifariki, na waliookolewa waliokolewa kwanza na wenyeji na wageni waliokuwa ufukweni. Dereva aliliegesha gari bila kuombwa, akatusimulia, tukaendelea. Hilo nililipenda, hakulifanya tamasha.

Lac Salé, ziwa la maji ya chumvi ndani ya kasoko kando ya bahari, ni pazuri kuliko picha zake. Unasimama ukingoni, chini yako maji ya kijani, nyuma yake bahari ya buluu, na katikati ukuta mwembamba tu wa ardhi. Kuna hadithi kwamba palikuwa na kijiji kilichomnyima mgeni maji ya kunywa, kikadidimia. Hadithi hiyo ina maana yake Ngazija, kwa sababu kisiwa hakina mto hata mmoja. Mvua inanyesha kweli kweli, lakini mawe ya volkano yana matundu, maji yanazama moja kwa moja. Ndiyo maana nyumba nyingi za vijijini zina birika la kukinga mvua. Karthala ulipolipuka mwaka 2005, Aprili na tena Novemba, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo, na watu wakabaki na kiu huku mvua ikinyesha. Haya yote niliyapata kwa kuuliza. Mwongoza wageni wetu alikuwa na Kifaransa chake cha kukariri na hakutoka nje ya hapo. Aliyetuokoa ni dereva, mtu mzima aliyewahi kuishi Unguja, Kiswahili chake safi. Msidhani Kishingazija mtakielewa kwa kuwa mnajua Kiswahili: utadaka neno hapa na pale, sentensi ikupite.

Upande wa mashariki barabara ina mashimo, na mwenye mgongo mbovu akae mbele. Chomoni inafidia. Mchanga mweupe unakutana na miamba myeusi ya lava, na maji katikati yametulia. Tulikula hapo wali, samaki wa kuchoma na ndizi, chakula kizuri kilichochelewa mno, na hapo ndipo saa zetu zilipoishia. Foumbouni tuliiona dirishani. Chindini, ncha ya kusini wanakopandia boti za kwenda kisiwa cha Mwali, dakika chache.

Halafu Singani. Mwaka 1977 lava ilitoka ubavuni mwa Karthala, si kileleni, ikashuka na kukifunika kijiji. Leo watu wanaishi hapo hapo tena, kuta za nyumba zimeegemea lava ile ile, na majani yameshika kwenye nyufa. Nilitaka kutembea, kuuliza wazee. Giza lilikuwa linaingia, mwongozaji akatupigia makofi turudi garini. Iconi, penye majabali ambayo wanawake walijirusha baharini ili wasitekwe na wavamizi kutoka Madagaska, tuliipita taa zikiwa zimewashwa.

Kwa hiyo mkikodi gari, anzeni Iconi na Singani asubuhi, Chomoni mchana, kaskazini alasiri. Fukwe za Mitsamiouli na Itsandra hazipotezi kitu jioni, zinaongeza. Kwa njia hiyo nyota ya tano ingepatikana bila gharama yoyote.

Ijumaa epukeni kama muda ni mdogo, kwa kuwa mchana kila kitu kinasimama kwa ajili ya swala, na ni haki yao. Vijijini vaeni nguo za heshima, za kuogelea ziishie ufukweni. Bebeni faranga za Komoro taslimu, noti ndogo. Yuro moja ni kama faranga 492, na wengi wanaipokea yuro lakini chenji ni kazi. Na bei ikishakubaliwa, ulizeni papo hapo kama mafuta na chakula cha dereva vimo ndani. Kwetu chakula chake hakikuwamo, na aliona haya kutuambia.