Tairi la gari kwenye gurudumu la nyuma la Drag Star 1100: uzoefu wangu katika barabara za Mbeya

Nimetumia tairi la gari dogo kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki yangu, Yamaha Drag Star 1100, kwa muda wa kutosha kulijua katika jua na mvua, nikiwa peke yangu na nikiwa nimembeba mke wangu pamoja na mizigo. Nimelitoa kashata zake, yaani meno yake, zikiwa bado nzima. Sisi wenye pikipiki kubwa huku Mbeya tumekuwa tukiulizana sana kuhusu jambo hili, na sifa nyingi tunazozisikia zinatoka kwa watu wanaoendesha kwenye barabara ndefu zilizonyooka za Marekani; kwa hiyo naeleza nilichokiona katika barabara zetu wenyewe.

Kilichonisukuma kujaribu ni upatikanaji. Kipimo cha kiwandani cha tairi la nyuma la pikipiki hii ni 170/80-15, yaani upana wa milimita 170, ubavu wenye kimo cha asilimia 80 ya upana huo, na rimu ya inchi 15, na maduka ya Mwanjelwa, ambayo yana kila aina ya tairi la bodaboda na la gari, hayawi na kipimo hicho. Ni lazima uagize Dar es Salaam, usubiri, kisha ulipe bei inayotosha kununua matairi mawili ya gari dogo na chenji ikabaki. Tena, tairi la nyuma la pikipiki nzito halidumu, kwa sababu mpira wake ni laini ili ushike lami, na sehemu ya katikati inalika kwanza huku mabega, yaani sehemu za pembeni, yakiwa bado yana kashata, hasa kwa mtu anayepanda milima na mzigo kila wiki. Tairi la gari lina mpira mgumu zaidi na uso mpana unaogawana kazi, ndiyo maana linaishi mara kadhaa zaidi.

Nilichagua 165/80R15. Anayetaka kujaribu apige hesabu kwanza kabla ya kutoa pesa: tairi la kiwandani lina kimo cha takriban milimita 653, na nililochagua lina takriban milimita 645, tofauti ambayo haionekani kwa macho. Kipimo cha 195/65R15, ambacho kinapatikana kila duka kwa sababu ya wingi wa Toyota, kina kimo kinachokaribia, lakini ni kipana kwa milimita 25 kuliko la kiwandani, na nafasi kati ya tairi na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu haitoshi kwa usalama. Kwa upande wa kubeba uzito, tairi la gari halina shida yoyote. Namba 77 kwenye tairi la kiwandani maana yake ni kilo 412, na namba 87 kwenye lile la gari maana yake ni kilo 545.

Shida iko kwenye rimu, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Rimu ya pikipiki ya inchi 15 na rimu ya gari ya inchi 15 hazina umbo moja mahali ambapo ukingo wa tairi wenye waya unakaa, na ndiyo sababu matairi ya pikipiki ya vipimo hivyo huandikwa herufi M/C (yaani "motorcycle", pikipiki) ubavuni. Watengenezaji wakubwa wa matairi wanakataza waziwazi kufunga tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki. Fundi wangu wa Sae, ambaye amefunga matairi ya malori kwa miaka mingi, alilitazama ukingoni, akalipapasa kwa kidole gumba, akaniambia, "Kaka, kukaa litakaa, lakini halikutengenezewa rimu hii." Alifanya kazi yake kwa uangalifu ambao ningependa kuuona kila gereji. Kwa kuwa magurudumu yangu ni ya spoku na yanatumia tyubu, alianza kwa kubandua stika ya karatasi iliyokuwa ndani ya tairi, kwa maelezo kwamba stika hiyo hukwangua tyubu taratibu hadi ipate pancha, kisha akapaka poda ndani na maji ya sabuni ukingoni. Alijaza upepo kidogo kidogo, bila kuvuka psi 40. Upande mmoja ulipogoma kukaa hakuongeza upepo; aliutoa wote, akapaka sabuni tena na kuanza upya. Ubavuni mwa kila tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba ulioinuka, na umbali kati ya mstari huo na rimu unapaswa kuwa sawa mzunguko mzima. Tulilizungusha gurudumu polepole tukiutazama mstari huo pande zote mbili kabla ya kulirudisha kwenye pikipiki. Fundi anayelazimisha ukingo ukae kwa kuongeza upepo hadi usikie mlio mkubwa anahatarisha mikono na uso wake, maana tairi linaweza kupasuka.

Kwenye barabara iliyonyooka nilifurahi, na nitakuwa sijalitendea haki tairi hili nisiposema hivyo. Kutoka Igawa kwenda Chimala na Igurusi, pikipiki ilitulia kabisa, upepo wa malori hauitikisi kama zamani, na breki ya nyuma ilishika vizuri bila gurudumu kufunga upesi. Mke wangu alisema mtikisiko umepungua. Mtu ambaye safari zake zote ni za tambarare, kwenye lami laini, ataelewa kwa nini wapo wanaolisifu.

Lakini hata kwenye TANZAM, barabara kuu hiyo hiyo, lami si laini kila mahali. Malori yanayokwenda Tunduma yamechimba njia mbili za magurudumu, na pale lami inapokuwa na mabonde hayo, tairi la pikipiki, kwa kuwa ni la duara, linavuka ukingo wa bonde bila neno. Tairi la gari uso wake ni bapa: bega moja linapanda ukingo huku jingine likibaki chini, na sehemu ya nyuma ya pikipiki inasukumwa pembeni bila wewe kugusa usukani. Jambo hili lilikuwa likinitokea nikiwa natoka nyuma ya lori ili nilipite, yaani wakati ambao sihitaji mshangao wowote. Niliongeza upepo, nikapunguza, nikajaribu kati ya psi 30 na 38. Upepo ukiwa mdogo, ubavu unalegea na tairi linapata joto. Ukiwa mwingi, kulaza pikipiki kunakuwa kugumu zaidi. Kipimo cha katikati kilisaidia kidogo tu.

Kilichoamua ni barabara ya Uyole hadi Tukuyu. Kuanzia Isongole kona zinafuatana, lami mara nyingi imelowa, kwa kuwa Rungwe ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na asubuhi za Juni na Julai mpira unachukua muda mrefu kupata joto. Pikipiki inapinda kwa kulala, na tairi la duara linahamisha mguso wake kutoka katikati kwenda begani bila kukatika. Tairi la gari linasimamia ukingo wake mithili ya sanduku lililoinamishwa, na ukingo huo unataka kurudi bapa. Kwa hiyo ni lazima uendelee kuusukuma usukani kona nzima, na kona ya pili ikiwa upande wa pili unaisukuma pikipiki kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa nguvu ya mikono. Kushuka kuelekea Kiwira nikiwa na abiria, mabega yangu yalichoka kabla ya safari kufika nusu. Nilipochunguza tairi baadaye, vinyweleo vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama kwenye bega, na ubavu chini yake ulikuwa na mikwaruzo: tairi lilikuwa likijikunja hadi kukanyagia mahali ambapo halikukusudiwa kukanyagia.

Kwa mwenye pikipiki anayeishi Mbeya, Njombe au Iringa, na ambaye atapita Kitonga, Tukuyu au barabara ya Chunya, simshauri alifunge. Uhai mrefu wa tairi ni faida ya kweli, ila faida hiyo unaipata kwenye tambarare na kuilipia kwenye kona, na sisi kona ndizo tulizo nazo. Aliyekwisha kulifunga akague mstari wa ubavuni kila anapojaza upepo, na asipite njia yenye kona kwa mwendo aliouzoea kabla hajajifunza upya kwenye eneo la wazi.

Sasa nimerudi kwenye 170/80-15 lenye alama ya M/C. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji wa Dar es Salaam anitumie picha ya tarakimu nne za tarehe zilizo ubavuni, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa kuwa matairi ya kipimo kisichonunuliwa sana hukaa stoo muda mrefu na mpira hukauka. Moja nililikataa kwa sababu hiyo. Tyubu nimenunua mpya pia, na tairi la gari nimemwachia fundi, atamfungia mwenye gari.